Tanga au Mtwara, mji upi utaamka kwanza?

Mstaafu Mtarajiwa
Wakuu habari za jioni. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu na Dar kusema kweli nimeshaichoka, foleni, joto, kelele, basi tena. Nina akiba kidogo nataka ninunue kiwanja nijenge vyumba vya kupangisha na fremu mbili tatu mbele. Kichwani nimebaki na Tanga na Mtwara. Yote miji ya bandari, yote tunaambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba "inaamka". Wenye uzoefu nisaidieni, upi unaeleweka? Siasa za vyama tuziache kule kule tafadhali.

Barabara ya 15
Shikamoo mzee. Njoo Tanga, wala usijiulize mara mbili. Watu wanatucheka tumelala ila hawajui tulilalishwa na nini. Mji huu ulikua unakula mkonge, miaka ya 60 nchi hii ndo ilikua inaongoza duniani, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, na reli ya hapa ilianza kujengwa 1893 Dar hawajaota hata reli yao. Halafu zikaja kamba za nailoni bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa, baadae viwanda navyo vikafa kimoja kimoja, cha mbolea ndo kabisaa.
Sasa angalia leo. Zamani meli ilikua inatia nanga huko nje kama kilomita 1.7, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo uletwe gatini, yaani unapakua mara mbili na gharama mara mbili, nani alete mzigo hapo? Serikali imeweka bilioni 429, kina kimetoka mita 3 mpaka 13, meli inafunga gatini kabisa. Bado bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa hapa Chongoleani. Mzee viwanja vinapanda, wahi.

Mtu wa Chikongola
Hahaha mkuu bomba usimtajie mtu wa Mtwara.
Mzee wangu mimi nitakueleza nilichokiona. Kuanzia 2011 hivi makampuni ya kutafuta gesi baharini yalijaa huku, nyumba za Shangani zikawa zinapangishwa kwa dola, muuza samaki anakutajia bei ya mzungu. Bro wangu akachukua mkopo akajenga lodji ya vyumba 14. Januari 2013 watu wakaandamana gesi isiende Dar, Mei mambo yakachafuka kabisa hadi wanajeshi mtaani, sitaki hata kukumbuka. 2015 bomba la gesi la kwenda Dar likazinduliwa, gesi ikaenda, bei ya mafuta duniani nayo ilikua imeshaanguka, wageni wakafunga mabegi. Kiwanda cha LNG cha Lindi, cha kugeuza gesi iwe kimiminika, tunakisikia kwenye redio mpaka leo. Lodji ya bro saivi ni hosteli ya wanachuo na mkopo kaumaliza kwa kuuza shamba.
Na hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza ilikua karanga, Mwingereza 1947 akaja na matrekta, akajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea, miaka minne tu mradi chali, miaka ya 60 na reli yenyewe ikang'olewa. Kwahiyo Barabara ya 15, mafundi wa bomba wakiondoka hapo Chongoleani wanabaki walinzi na mainjinia wachache. Bomba likishafukiwa halipangi chumba.

Barabara ya 15
Sawa lakini usifananishe, Tanga hatuli bomba peke yake. Kuna saruji, chokaa, maziwa, machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto.

Dereva Fuso
Naingilia kidogo, mie nalala njiani nchi nzima. Mji naupima kwa gari linaporudi limebeba nini. Mtwara msimu wa korosho kuanzia Oktoba hela ipo aisee, mpaka boda anabadilisha simu, na toka mzigo wa makaa ya Ruvuma uanze kupitia ile bandari gati haliko tupu kama zamani. Ila ukitoka hapo barabara ni moja tu ya kwenda Dar, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata kule Somanga tulilala kwenye magari kama wakimbizi. Reli ya kwenda Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa bado ni maneno. Tanga unatokea Chalinze, unatokea Arusha, unatokea Horohoro Mombasa, na reli ipo. Tatizo lao ni huko huko kuwa karibu, mfanyabiashara wa Arusha ana Mombasa, ana Dar, anachagua. Mtwara je? Ndugu zangu wa Songea waende bandari gani nyingine?

Mstaafu Mtarajiwa
Nawashukuru sana. Kwahiyo kama nimeelewa Tanga ina njia nyingi ila inagombaniwa, Mtwara haina mpinzani ila ina msimu. Mimi nataka mpangaji wa miezi 12 jamani sio wa msimu wa minada ya korosho.

Mtu wa Chikongola
Basi mzee hapo mimi mwenyewe nakwambia nenda Tanga, Wamakonde wenzangu wanisamehe. Ila usinunue Chongoleani wala karibu na bandari, huko bei wameshapandisha kwa ndoto. Angalia Pongwe kwenye saruji au karibu na vyuo. Na usiende Desemba watu wamejaa likizo, nenda Machi, gonga geti la mtu mwenye vyumba muulize chumba kikiachwa kinakaa miezi mingapi bila mtu.

Barabara ya 15
Machi mvua zinaanza, Pongwe tope mzee uje na buti 😂 Ukifika nistue, chai na mkate wa kumimina juu yangu.