Boti ndogo ya tanga kubaki majini Katonga hadi Mei: niiandae vipi?

Kijana_wa_Ujiji:
Shikamooni wakubwa. Nina boti ya tanga ya faiba, mita tano hivi, na injini ndogo ya kuning'iniza nyuma. Kazi inanipeleka Tabora mwezi ujao hadi mvua ziishe. Nchi kavu sina pa kuiweka, na ufukweni watoto wataivunja kwa kuruka. Nataka ielee tu pale Katonga, Ziwa Tanganyika. Nanga moja inatosha? Fundi ananiambia nifunge na kipande cha madini ya sinki, kiliwe na kutu badala ya chuma cha injini.

Mtani255:
Funga kwenye mti, kamba fupi, haiendi popote 😄

Baharia_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Huyo wa kamba fupi mwache acheke peke yake. Ziwa hupanda msimu wa mvua. Hata 2021 si tuliona lilivyofuata nyumba za mwambao? Kamba fupi itaivuta pua chini.

Nanga ya kuvulia haikufai. Chini kwetu kunateremka haraka, nanga ikianza kuteleza kuelekea kwenye kina hairudi. Mwaga zege, tia mnyororo, kisha kamba ndefu na boya, boti izunguke na upepo inavyotaka. Ila zege likizama hupungua uzito kama asilimia 40. La kilo 200 hesabu 120. Kamba inapopita ukingoni ivishe kipande cha mpira, maana hapo ndipo hukatika.

Sinki ni ya maji chumvi. Nimeitumia sana huko pwani. Maji baridi yanataka magnesiamu, lakini wewe inua injini itoke majini na hutahitaji hata hiyo.

Sasa sikiliza hili. Wote mnaogopa tundu la chini, na mvua inaingia kwa juu. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Boti yako ina kama mita 7 za mraba: mvua ya milimita 50, lita 350! Usiku mmoja tu. Vua tanga lote, lilaze nyumbani. Ule mti wa chini ya tanga uufanye mgongo wa paa, tandika turubai juu yake, kingo zishuke nje ya boti. Turubai bapa litageuka beseni. Vali zote funga. Halafu tafuta mtu wa kufua maji kila mvua kubwa ikipita.

Grisi usiionee ubahili. Meli ya Liemba ilizamishwa 1916 injini zikiwa zimepakwa grisi, ikaibuliwa 1924, na ikarudi kazini.

Kijana_wa_Ujiji:
Asante sana mzee. Mtu wa kuchota maji nimlipeje?

Mama_Dagaa:
Kwa mwezi, mwanangu, na akutumie picha ya ndani ya boti kwanza. Ukimpa zote leo, hiyo boti atakuwa anaichungulia kutoka kijiweni.

Baharia_Mstaafu:
Na ufunguo wa injini usimwachie.