Mama ana Alzheimer, dada anataka tupimwe jeni. Tukubali?

Binti wa Lurambi: Habari zenu. Mama ana miaka 74, tuko naye hapa Kakamega. Daktari amesema ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Nyanya aliyemzaa naye alifariki akiwa hamtambui mtu, na kijijini walisema amerogwa na mke mwenza. Sasa dada yangu aliye Uingereza anataka sisi watoto wote tupimwe jeni ya APOE4, ile ya kurithi inayohusishwa na ugonjwa huu, yeye atalipa. Anasema pia kuna dawa mpya. Tangu aniambie silali. Nikipatikana nayo, zamu yangu imefika?

Nesi Mstaafu, Nakuru: Pole sana mwanangu. Ziko jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na kasoro fulani ugonjwa hurithiwa moja kwa moja. Lakini hizo ni nadra, na kwa kawaida huanza kabla ya miaka 65. Mama na nyanya waliugua uzeeni? Basi huenda si hizo. APOE4 huongeza hatari tu. Wako walio nayo wanaozeeka na akili timamu, na wako wasio nayo wanaougua.

Jamaa wa Kondele: Tena hatari yenyewe imepimwa zaidi kwa Wazungu. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walipofuatiliwa sambamba na Wamarekani weusi wa Indianapolis, APOE4 haikuonyesha nguvu ile kwa Wayoruba. Majibu ya kipimo yatakuja na hesabu za watu wengine, si zetu! Hili linaniuma, tunahitaji utafiti wa kwetu.

Mama Baraka: Mimi ningepima. Kutojua nako kunatesa.

Nesi Mstaafu, Nakuru: Sikukatazi Mama Baraka, ila apate mshauri kwanza, maana ukishajua umejua. Kuhusu dawa: lecanemab iliidhinishwa Marekani 2023. Husafisha amiloidi, protini inayorundikana ubongoni, na kupunguza kasi ya ugonjwa kwa walio hatua za mwanzo, hairudishi kumbukumbu. Hapo ndipo kipimo kina kazi, kwani wenye APOE4 mbili, yaani moja kutoka kwa kila mzazi, huvimba au kuvuja damu ubongoni zaidi wakiitumia. Je, mama alipimwa tezi ya shingo na vitamini B12? Tezi hiyo ikilegea, au B12 ikipungua, mtu husahau, na hutibika.

Binti wa Lurambi: B12 hapana. Nitamwuliza daktari kliniki ijayo. Na dada nitamwomba hela hiyo tumlipe msaidizi wa mama wa usiku, maana siku hizi anatoka nje gizani.