Matatu za Mtwapa zinatuuza Bamburi, halafu mnatuambia tununue magari

Watu wa Mombasa, leo nasema yote. Kila abiria akilalamika kuhusu matatu za barabara ya Malindi, jibu ni lilelile: "Si ununue gari?" Na anayejibu hivyo hajawahi kusimama Buxton saa kumi na mbili za jioni, mtoto mgongoni, watu wanasukumana mlangoni.

Gari limeandikwa Mtwapa. Makanga anaita Mtwapa, Mtwapa. Nauli inakusanywa mapema, hata daraja la Nyali hamjavuka. Mkifika Bamburi, kabla ya Mtwapa, mlango unafunguliwa: "Mwisho hapa, ingieni lile la nyuma." Tumeuzwa. Juzi nilisimama karibu nikaona anavyomhesabia mwenzake noti kiganjani. Tulikuwa abiria wanane wa Mtwapa, na pesa alizotoa hazikutosha hata watu watano. Yule wa pili naye hataki hasara, anatuambia tuongeze hamsini au tushuke. Kulikuwa na mama mtu mzima, mfuko wake wa samaki unamchuruzikia maji ya barafu miguuni, ameshalipa mia na hamsini yake. Hakuwa na nyingine. Akashushwa gizani kando ya barabara, na hakuna aliyemrudishia hata ndururu. Tulipiga kelele, wakaondoa gari.

Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Nauli ya mia asubuhi inakuwa mia mbili jioni, bila bango, bila maelezo. Makanga akitamka, ndiyo sheria.

Nawajua hawa vijana, sitaki kuwafanya mashetani. Wengi hawana mshahara wa mwezi. Kila siku kuna pesa ya tajiri, yaani mwenye gari, ambayo lazima ifike, na kinachobaki ndicho chao. Jioni abiria wote wako mjini, kwa hivyo kurudi kutoka Mtwapa na gari tupu ni hasara kwao, na kugeuzia Bamburi ni faida. Sawa. Basi andikeni Bamburi, itani Bamburi, mchukue nauli ya Bamburi! Sheria za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kushikwa mwaka 2004 tuliambiwa abiria 14, mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano na ruti iandikwe ubavuni. Ruti ile iliandikwa ili abiria ajue anakopelekwa. Nilipokwenda kulalamika kwenye ofisi moja nikaambiwa Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, niende huko. Lakini pesa yangu imeliwa Bamburi, na Bamburi ni Mombasa.

Sasa hilo gari mnalotaka ninunue. Magari yanashushwa hapa hapa bandarini Kilindini, tunayaona kwa macho, lakini sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na ushuru ukishapandishwa juu ya bei ya Japani, mtu wa mshahara wangu atakopa mpaka mtoto amalize shule. Bado mafuta. VAT yake, ile kodi ya ongezeko la thamani, ilitoka asilimia 8 ikawa 16 mwaka 2023. Mwaka 2024 ada ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Na ada hiyo mwenye gari halipi peke yake, sisi wa matatu tunailipa ndani ya nauli. Barabara ni yetu pia.

Tuseme nimelipata. Kutoka kaskazini kuingia kisiwani daraja ni moja, la Nyali, lililofunguliwa 1980. Abiria 14 wa matatu moja wakinunua kila mtu lake, mnapata magari 14 kwenye daraja lile lile. Foleni mnayoilalamikia huko ndani ya AC itakuwa fupi vipi? Na mjini mtayaegesha wapi, juu ya paa za Mji wa Kale?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna mahali gari linahitajika kweli, na huko hampasemi. Kwa kina mama yangu, ndani huko Kinango, kaunti ya Kwale, siku isiyo ya soko unaweza kungoja asubuhi nzima. Ikija Probox, gari dogo tu, mnabanana ndani, wengine nyuma kwenye buti pamoja na kuku na magunia. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku anapakiwa kwenye bodaboda, mtu mmoja anamshikilia kwa nyuma. Huko mtu akikopa anunue gari, nitamuelewa. Mombasa ina watu, ina barabara, ina matatu tele. Kinachokosekana ni wa kuzisimamia.

Madai yangu: nauli ibandikwe kwenye kioo, ya kawaida na ya jioni, ijulikane. Gari likikatisha safari, makanga amrudishie kila abiria pesa yake mkononi kabla hajashuka, habari ya kuhesabiana wao kwa wao iishe. Na jina la sako, yaani chama cha wenye matatu, na nambari ya simu ya kulalamikia iandikwe ndani, pale abiria anapoketi.

Nakusanya ushahidi niwapelekee wenye sako na polisi wa trafiki pamoja. Kama umeuzwa wiki hii, andika hapa chini: ruti, saa, uliposhushwa, ulilipa ngapi, na nambari ya gari kama uliiona.