Waliotengeneza WordPress tunawashukuru vipi?

MwanaWete:
Assalaam alaykum wenzangu. Blogu ya skuli yetu hapa Wete inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Tulicholipia ni jina la tovuti na seva tu. Programu yenyewe, themu (sura ya tovuti) na plagini sita (viongezo vya programu) zote tumezipata bure. Walimu wanauliza wanaoifanya kazi hii ni nani, na ahsante yetu itawafikaje. Kama ni pesa, zinapelekwa wapi?

FundiMlandege:
Waalaykum salaam. Anzeni kwa kuwajua. Ndani ya dashibodi, yaani ukurasa wa kuendeshea tovuti, bonyeza nembo ya WordPress juu kushoto, kisha fungua ukurasa wa wachangiaji. Anwani yake inaishia na wp-admin/credits.php. Pale pana majina ya watu waliochangia toleo hilo hilo mlilonalo. Wasomeeni walimu, maana wengi hudhani ni kampuni moja tu.

Na shina lisisahauliwe. Michel Valdrighi, Mfaransa, ndiye aliyeandika b2, programu ya blogu iliyozaa WordPress. Alipoacha kuishughulikia, Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliuchukua msimbo wake wakauendeleza, na tarehe 27 Mei 2003 likatoka toleo la kwanza la WordPress. Waliweza kwa sababu b2 ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Bila ruhusa ile, kazi yake ingeishia pale pale.

Kuhusu pesa: WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic. Ukiilipa, mwandishi wa plagini yako hapati kitu. Nenda WordPress.org, tovuti ya mradi wenyewe, fungua ukurasa wa plagini yenyewe, utafute kitufe cha kuchangia. Si zote zinacho. Tangulizeni ile inayotunzwa na mtu mmoja.

BintiChake:
Pesa ni heri, lakini sisi wenye Kiswahili tuna shukrani ambayo wao hawawezi kujifanyia: tafsiri. Fungua akaunti ya WordPress.org, ingia translate.wordpress.org, chagua Kiswahili, kisha plagini mnayoitumia kila siku. Msianze na programu kuu, ni bahari. Unachoandika hukaa kwenye foleni mpaka mhariri akipitishe.

Kosa la kwanza ni kufuta au kuharibu alama kama %s na %d. Hapo ndipo programu inapoweka jina au idadi, kwa hiyo ziache zilivyo, ila unaweza kuzihamisha: “%d comments” ni “Maoni %d”. Zikiwa mbili na mpangilio unageuka, andika %1$s na %2$s.

Kosa kubwa zaidi ni ngeli. “All (%s)” hutokea mara kadhaa, kila moja na muktadha wake umeandikwa kando. Kwa kurasa ni “Zote”, kwa maoni “Yote”, kwa watumiaji “Wote”. Ukibandika “Zote” kila pahala, dashibodi itasema watumiaji zote, na mtoto wa skuli atacheka. Kiingereza hakina shida hii, kwa hiyo mwandishi wa plagini hawezi kuiona. Mwenye lugha ndiye wa kumwonesha.

Na tafadhali, msimwage tafsiri za mashine bila kuzisoma. Mhariri anajitolea, na kusafisha mia mbovu ni kazi kuliko kuandika mia mpya.

MwanaWete:
Ahsanteni sana, nimepata pa kuanzia. Na plagini ikiharibika, kumwandikia mwandishi si kumsumbua?

FundiMlandege:
Ukimwandikia “haifanyi kazi” unamsumbua. Kwanza zima plagini nyengine zote uone kama tatizo linabaki, kisha washa moja moja. Kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya tovuti, weka WP_DEBUG kuwa true, WP_DEBUG_LOG kuwa true, na WP_DEBUG_DISPLAY kuwa false ili wageni wasione makosa. Rudia kitendo kilicholeta hitilafu, kisha fungua wp-content/debug.log, faili makosa yanamoandikwa. Mpelekee mistari ile, toleo la WordPress, la PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo) na la plagini, na hatua ulizofuata moja baada ya moja. Ondoa nywila na anwani za barua pepe kabla ya kubandika. Ukimaliza rudisha WP_DEBUG kuwa false, faili lile hukua mpaka likajaza nafasi ya seva.

Ila ukigundua tundu la usalama, usiliandike hadharani hata kidogo. Mtumie mwandishi faraghani, umpe muda alizibe.