Wachora ramani acheni kutubandikia ngazi katikati ya sebule!!

Wakuu habari zenu, leo nina hasira naomba mnivumilie. Hivi nani aliwaambia wachora ramani wa Dar kwamba kila anayejenga ghorofa anataka ngazi itokee sebuleni mbele ya tivii? Ramani zote siku hizi ni hiyo hiyo, ngazi inaanzia pembeni ya kochi, reli za stenlesi na vioo, juu kumeachwa wazi, ukihoji unaambiwa ndo nyumba ya kisasa.

Sisi tunajenga Madale. Tulimwambia mchoraji toka mwanzo, kwa mdomo na kwa meseji, ngazi tunataka iwe na chumba chake karibu na mlango wa mbele na iwe na mlango wa kufunga. Kaleta ramani ngazi iko sebuleni. Tukamwambia rekebisha, anasema tutaharibu muonekano na kubadilisha ni hela nyingine. Hela nyingine ya nini wakati ndicho tulichoagiza?!

Halafu anadai kuiacha wazi kunaokoa nafasi. Haya tupige hesabu. Sakafu hadi sakafu mita 3, kila kidato kikipanda sentimita 17 hivi unapata vidato 18, ukiikunja ngazi iwe vipande viwili, kila kimoja upana wa mita 1, unahitaji kama mita 2.2 kwa 3.3. Tundu la kwenye slabu (zege la sakafu ya juu) ni lile lile uweke ukuta usiweke, unachookoa ni tofali za inchi 6, plasta na mlango mmoja basi. Na hiyo sebule inayoitwa kubwa, upande wote wa ngazi huwezi kuweka hata kochi maana ni njia.

Sasa vyumba vya kulala vyote viko juu. Mume wangu ana wageni chini, mimi nimetoka kuoga nina khanga, mtoto analilia maji jikoni, napita wapi? Nishuke mbele ya wanaume? Na baba mkwe akija kukaa mwezi ndo kabisa, kila nikishuka tunakutana macho. Nendeni Mji Mkongwe Zanzibar mkaangalie zile nyumba za mawe, ngazi nyingi zimefichwa katikati ya kuta nene za matumbawe na chokaa, mgeni anapokelewa barazani, wa juu hana habari naye. Wale walijenga wakijua nani anaishi mle ndani, nyie mnajengea picha za Instagram.

Joto nalo. Hewa ya moto inapanda, kwahiyo lile joto la sebuleni na jikoni lote linaenda kukaa korido ya juu mlangoni kwa watoto, ukiwasha AC ya sebule unapoza nyumba nzima na LUKU inalia. Harufu ya dagaa inalala na nyie kitandani. Wakiangalia mpira chini, mtoto mchanga juu halali.

Ila kinachoniuma zaidi ni moto. Mtungi wa gesi ukishika jikoni usiku, hilo tundu la wazi linageuka dohani, moshi wote unapanda kwa waliolala na njia ya kushukia ni hiyo hiyo inayotoa moshi. Ukuta na mlango uliofungwa unawapa dakika za kutoka. Nilimwambia hili akanijibu mambo ya taa za kuning'inia! Na hizo reli zake kaachanisha sentimita 15, wakati Uingereza kanuni zao za majengo zinataka nafasi isipitishe mpira wa sentimita 10 sababu ya vichwa vya watoto. Nina mtoto anatambaa jamani.

Na uzeeni je? Watoto wakishaondoka tulitaka tukae chini juu tupangishe, ngazi yenye mlango wake nje unakabidhi funguo tu. Hii ya sebuleni mpangaji atapita mbele yetu tukiwa tunakula.

Slabu bado haijamwagwa, fundi wetu kasema ukuta unawezekana akipewa mchoro uliorekebishwa, na mume wangu kashasimamisha kila kitu. Malipo ya mwisho hatutoi mpaka ngazi itoke sebuleni. Wasanifu mliopo humu, kuna yeyote anayeweza kumtetea huyu mwenzenu kwa hoja? Na mliojenga ghorofa zenye ngazi ya wazi semeni ukweli, mnaishije?