Matundu ya kamba kwenye mavazi ya karne ya 16: pete za kupigilia au uzi wa mkono?

MshonajiPwani:
Wakuu, habari zenu. Nina kazi ya mavazi ya jukwaani, Wareno wa Mombasa miaka ya 1590, wakati Fort Jesus inajengwa (ujenzi ulianza 1593). Vazi la kwanza ni gauni la mwanamke, linabana kifuani na kufungwa kamba mbele, uwazi wa sm 31. La pili ni dableti, lile koti fupi la kiume ambalo suruali inafungwa kiunoni mwake kwa vikamba. Juu ni sufu nyepesi, ndani marekani. Je, nipige pete za chuma za dukani au nishone matundu kwa mkono? Yapishane umbali gani? Na kamba ipite msalaba kama ya viatu? Yatavaliwa na kuvuliwa kila onyesho, kwa hiyo nataka yadumu.

BitanaNaNta:
Pete za kupigilia achana nazo. Ulaya kwenyewe zilianza kutumika miaka ya 1820, kwa hiyo kwenye vazi la 1590 zitamshtua yeyote anayejua mavazi. Lakini hata ukiweka historia kando, shida ni kwamba ili pete iingie lazima ukate kitambaa. Nyuzi zilizokatwa hazina nguvu, na pete inashikilia kwa kubana tu. Mavazi yakivutwa kila siku, sufu inalegea, pete inachomoka na kukuachia shimo lisilo na cha kushonea.

Tundu la mkono halikatwi, linapanuliwa. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) tabaka zote kwanza, umbali wa sm 2 hivi kutoka mstari wa matundu, zisitelezeane. Tia alama kwa chaki. Choma kwa shazia (sindano nene), kisha msharasi, kile chuma cha kutobolea cha mafundi viatu, wenye ncha ya mviringo (ule wenye makali unakata, hautufai), halafu ingiza kijiti kilichochongwa au sindano ya kufumia mpaka tundu lifike mm 6. Nyuzi za kitambaa zimesogea kando lakini bado nzima, na hizo ndizo zitakazobeba mvuto.

Shona mara moja kabla tundu halijajifunga. Uzi wa kitani uliopakwa nta ndio bora. Ukikosa, uzi mnene wa pamba wa kushonea vifungo, nao upake nta. Naironi ya viatu usiitumie, ni kali na inakata sufu. Kata kama sm 50 kwa kila tundu. Usifunge fundo, lala na mkia wa uzi wa sm 2 pembeni na uufunike kwa mishono. Ibuka kutoka chini mm 3 nje ya ukingo, shuka katikati ya tundu, ibuka tena, na kila mshono uuvute kuelekea nje ili tundu lifunguke. Mzunguko wa kwanza mishono 8, wa pili unajaza nafasi mpaka ifike 18 au 20. Kila baada ya mishono 5 au 6 rudisha kijiti, juu na chini. Ukimaliza, tundu litabaki mm 4 hivi, na hiyo inatosha kamba ya mm 3.

Jambo moja wengi hulipuuza: mishono yote ikiwa na kina kilekile, umejitobolea duara kama la stempu, na kitambaa kitachanika hapohapo. Moja iwe mm 3, inayofuata mm 4.

KofiaYaMkono:
Naongeza kidogo tu. Kama una mtu anayeshona kofia za mkono, zile za Lamu au Zanzibar zenye vitundu, mpe kazi hii. Mkono ni uleule: choma, zungushia uzi, vuta. Tofauti ni ukubwa na kwamba hapa tundu linabeba mzigo. Mwambie tu asitumie mshono wa tundu la kifungo, wenye fundo kwenye ukingo. Unapendeza machoni, lakini kamba inasugua yale mafundo na kuyala.

ChakiNaSentimita:
Kuhusu mpangilio: kabla ya kutoboa chochote, amua kamba itapita vipi, kwa sababu matundu hufuata kamba. Kwa kipindi chako mtindo unaofaa ni kamba moja inayozunguka kama springi, siyo msalaba. Kwa kuzunguka, matundu ya kushoto na kulia hayatazamani. Yakitazamana, ukivuta kamba upande mmoja wa gauni unapanda juu kuliko mwenzake, na shingo inakaa upande.

Kwa sm 31, pima kutoka juu. Kushoto: sm 1, halafu 3.5, 6, 8.5, endelea kwa 2.5 mpaka 28.5, kisha la mwisho 29.75. Kulia: sm 1, kisha 2.25, halafu 4.75, 7.25, endelea kwa 2.5 mpaka 29.75. Ni matundu 13 kila upande. La juu na la chini tu ndiyo yanatazamana, na hayo mawili ndiyo yanayonyoosha kingo.

Katikati ya tundu iwe sm 1.3 kutoka ukingoni. Hapo katikati ya tundu na ukingo pitisha kijiti chembamba cha henzirani au mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya, mwingine upande wa pili wa tundu. Bila hivyo kitambaa kitajikunja kati ya tundu na tundu. Marekani peke yake ni laini. Weka ukanda wa kitani au turubai nyepesi wa sm 4 ndani, uzi wake ukienda wima.

Kamba: mita 2 hadi 2.5, ya mviringo, ya pamba au kitani. Utepe wa satini unateleza, utalegea katikati ya onyesho. Funga ncha moja kwenye tundu la chini, na kila mara kamba itoke ndani kwenda nje.

MshonajiPwani:
Asanteni sana, wakuu. Na dableti? Kuna aliyeniambia nishonee vipete vya shaba ndani ya kila tundu.

BitanaNaNta:
Kwa gauni hakuna haja. Kwa dableti naunga mkono, ila vipete vya shaba ya njano, kipenyo cha ndani mm 5 au 6, viwekwe upande wa bitana na uzi uvizungukie vifunikwe kabisa. Chuma kinapata kutu kwa jasho na doa halitoki.

ChakiNaSentimita:
Mimi ningeviweka nyuma tu. Mtu akiinama au kukaa, mzigo wote wa suruali unaangukia matundu ya mgongoni. Ya mbele hayavutwi sana. Tumia matundu mawilimawili, ya jozi moja yakiachana sm 1.5, jozi 12 kuzunguka kiuno. Kiuno cha sm 84 kinakupa jozi kila sm 7. Usitoboe kwenye sufu ya nje. Shona ndani ya kiuno ukanda wa turubai wa tabaka mbili na utoboe huo. Ukanda ukichakaa unabadilishwa bila kugusa koti. Mkanda wa suruali uwe na jozi zinazolingana nazo, na tia alama ukiwa umemvalisha mwigizaji vyote viwili, siyo mezani. Vikamba viwe sm 35, ncha zifungwe kibati chembamba cha shaba kilichoviringishwa, la sivyo atahangaika kuvipenyeza gizani nyuma ya pazia. Na vile vya mgongoni vifungwe kwa kulegea kidogo, akiinama kuwe na nafasi.