Ikisiri imerudishwa kwa sababu "haisemi mmegundua nini". Niiandikeje upya?

Nuru_wa_Maktaba:
Wakuu, habari za kazi. Nina makala niliyoyachomoa kwenye tasnifu yangu ya uzamili, kuhusu namna walimu wanavyosahihisha insha. Nilisoma madaftari 120 ya wanafunzi na kuhoji walimu 9. Nimeyapeleka kwenye jarida moja, yamerudi kabla hata ya kupelekwa kwa watathmini, wale wataalamu wanaoyapima makala. Mhariri kaandika mistari miwili tu: ikisiri (ule muhtasari mfupi unaotangulia makala) haisemi mmegundua nini, na imezidi maneno. Yenyewe ina maneno 340, jarida linataka yasizidi 250. Kiini chake ni hiki:

"Uandishi wa insha ni stadi muhimu sana kwa mwanafunzi duniani kote. Tafiti nyingi zimefanyika kuhusu ufundishaji wa uandishi, hata hivyo suala la usahihishaji halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanalenga kuchunguza usahihishaji wa insha. Data zilikusanywa kwa usomaji wa nyaraka na mahojiano. Makala yanajadili aina za maoni ya walimu na athari zake. Matokeo ya utafiti yamejadiliwa na mapendekezo yametolewa."

Naomba pia kueleweshwa: marejeleo yanaruhusiwa ndani ya ikisiri? Iwe aya moja au na vichwa vidogo? Na maneno muhimu yanachaguliwaje? Mimi nilichukua tu yaliyomo kwenye anwani, yaani kichwa cha makala.

Kalamu_Nyekundu:
Pole dada, na hongera kwa kufika huko. Mimi ni mhariri msaidizi wa jarida, na ikisiri ndiyo ninayoanza kuisoma kila makala yanapoingia. Sentensi inayonikera kuliko zote ni hiyo yako ya mwisho. "Matokeo yamejadiliwa na mapendekezo yametolewa" inaweza kubandikwa kwenye makala ya samaki, ya ushairi au ya mikopo, na isibadilike hata herufi. Ya kwanza nayo ni hivyo hivyo. Kipimo ninachowapa waandishi wangu: ukiona sentensi inaweza kuhamia kwenye makala ya mtu mwingine bila kubadilishwa neno, ifute. Pitisha kipimo hicho kwenye ikisiri yako uone kinachobaki.

Silisemi hili kwa kukukomoa. Wengi watakaokutana na kazi yako hawatayafungua makala. Wataiona ikisiri kwenye hifadhidata, na mara nyingi makala yenyewe yamefungiwa nyuma ya malipo huku ikisiri iko wazi. Ulichogundua kisipokuwamo humo, kwa watu hao ni kama hukukigundua kabisa. Umesoma madaftari 120, hiyo ni kazi kubwa, halafu umeificha.

Kabla sijaenda kwenye mpangilio, nijibu kwa maneno ya kawaida, kama unamsimulia mwenzako: walimu waliandika nini kwenye hayo madaftari, na wanafunzi walifanya nini baada ya hapo?

Nuru_wa_Maktaba:
Asante sana. Zaidi ya nusu ya maoni yaligusa tahajia na sarufi. Yaliyogusa hoja yalikuwa machache, na mengi ni neno moja tu, "fafanua". Kilichonishangaza ni kwamba kwenye insha iliyofuata wanafunzi walirekebisha tahajia, ila hoja zao zilibaki vilevile, isipokuwa kwa wale ambao mwalimu aliwaandikia swali pembeni. Walimu wenyewe waliniambia wanalijua hilo, lakini muda hauwatoshi.

Kalamu_Nyekundu:
Hapo sasa! Hilo la "isipokuwa" ndilo litakalomfanya mtu ayafungue makala yako, na kwenye ikisiri halimo hata kidogo. Tazama:

"Walimu husahihisha insha kwa kuandika maoni pembeni, lakini si maoni yote humfanya mwanafunzi abadilishe uandishi wake. Makala haya yanalinganisha maoni ya walimu na insha zilizofuata katika madaftari 120, na kuyahusisha na mahojiano ya walimu 9. Zaidi ya nusu ya maoni yalihusu tahajia na sarufi. Wanafunzi walirekebisha makosa hayo, ila hoja zao hazikubadilika. Mabadiliko ya hoja yalionekana tu kwa wanafunzi walioandikiwa swali mahususi badala ya agizo kama 'fafanua'. Walimu walieleza kuwa uhaba wa muda huwaelekeza kwenye makosa ya lugha."

Penye "zaidi ya nusu" weka asilimia kamili kutoka kwenye jedwali lako. Sentensi ya mwisho nakuachia wewe, maana ni ya kusema matokeo yana maana gani, na mwenye utafiti ni wewe. Angalia pia kwamba haijafika hata maneno 100, nafasi unayo tele. Ukisema jambo lenyewe, maneno hayazidi. Yanayozidi huwa ni utangulizi. Wengi hutumia nusu ya ikisiri kueleza umuhimu wa mada. Sentensi moja ya usuli inatosha.

Mpangilio sasa. Kanuni ya kwanza ni ukurasa wa maelekezo kwa waandishi wa jarida lenyewe, usifuate tu ulichozoea. Vikomo vinatofautiana sana: *Science* hutaka maneno yasiyozidi 125, *Nature* karibu 200, *PLOS ONE* 300, na arXiv, hifadhi ya makala ya kisayansi mtandaoni, hata haihesabu maneno, inahesabu herufi na nafasi zake, mwisho 1,920. Kwa jarida linalofuata mtindo wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, kikomo ni 250: neno "Ikisiri" katikati kwa wino mzito, ukurasa wake peke yake, aya moja isiyoingizwa mstari wa kwanza. Chini yake mstari wa maneno muhimu ndio unaoingizwa, na lebo yake huandikwa kwa italiki.

Marejeleo yatoe. Ikisiri husafiri bila makala, kwa hiyo "(taz. fulani)" inamfikia msomaji pasipo orodha ya kumwonyesha ni nani huyo. *Nature* wao huruhusu, lakini hao wana utaratibu wao. Vifupisho navyo viandike kwa kirefu, na usimpeleke msomaji kwenye "jedwali la 2", jedwali halipo hapo.

Maneno muhimu ni ya mtu anayetafuta, asiyejua kuwa makala yako yapo. Anwani yako tayari ina "usahihishaji wa insha", na mitambo ya utafutaji huisoma anwani. Ukiyarudia hayo hayo umepoteza nafasi. Weka yale ambayo mtu mwingine angeyaandika kwa jambo hilo hilo: mrejesho, maoni ya mwalimu, ujenzi wa hoja, tathmini endelevu.

Tabibu_J:
Naongezea upande wa sayansi za afya, maana kuna watakaosoma hapa wakitoka huko. Kwetu aya moja haitoshi kwa utafiti wenye data. Tunatumia vichwa vidogo: Usuli, Mbinu, Matokeo, Hitimisho. Pendekezo hilo lilitolewa mwaka 1987 kwenye *Annals of Internal Medicine*, na majarida mengi ya tiba yakalifuata. Majaribio ya kitabibu yana mwongozo wake wa ikisiri, CONSORT, uliotolewa mwaka 2008, na mapitio ya kimfumo (yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja) yana PRISMA, uliotolewa mwaka 2013 na kuhuishwa kwenye PRISMA 2020. Maneno muhimu tunayachukua kwenye MeSH, orodha ya istilahi inayotumika PubMed, hifadhidata ya makala ya tiba.

Na tafadhali, kila tarakimu iliyomo kwenye ikisiri itafuteni ndani ya makala, moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapwa *JAMA* mwaka 1999 ulipekua majarida 6 ya tiba na kukuta ikisiri zenye data zisizolingana na makala, au zisizoonekana kabisa ndani ya makala, kuanzia asilimia 18 kwenye jarida moja hadi 68 kwenye jingine. Daktari mwenye haraka husoma ikisiri akaenda kwa mgonjwa.

Hoja_Kwanza:
Mnayosema ni sawa kwa wenye data. Sisi wa falsafa na uhakiki wa fasihi hatuna madaftari ya kuhesabu. "Matokeo" yetu yako wapi? Nimeshaona mhariri akimlazimisha mtu aweke "mbinu" kwenye makala ya nadharia, ikisiri ikawa kichekesho.

Kalamu_Nyekundu:
Uko sahihi mkuu, mbinu isilazimishwe pasipo na mbinu. Lakini matokeo mnayo, ni msimamo wenu. "Makala yanajadili dhana ya uhuru" hainiambii kitu. "Makala yanadai kuwa uhuru wa mtu hauwezi kuelezwa bila kwanza kueleza wajibu wake" inaniambia, na naweza kubishana nawe hapo hapo. Mwandishi wa nadharia anayeficha hoja yake ili msomaji aikute mwishoni, msomaji huyo hamfikii.

Nuru_wa_Maktaba:
Nimeandika sentensi ya mwisho: "Matokeo haya yanathibitisha kuwa maswali ya mwalimu huboresha uandishi wa wanafunzi wote." Jumla haijafika maneno 100, asilimia nimeweka. Mnaionaje?

Kalamu_Nyekundu:
"Yanathibitisha" iondoe. Hukufanya jaribio, umelinganisha madaftari. Huenda walimu wanaoandika maswali hufundisha vizuri zaidi tangu mwanzo, na mtathmini makini atakuuliza hilo kabla ya jingine lolote. "Wote" nayo hukuipima. Sema: "Matokeo yanaashiria kuwa maswali mahususi kuhusu hoja huenda yakamsaidia mwanafunzi pale ambapo masahihisho ya lugha hayafiki." Halafu hakikisha hitimisho la makala lenyewe linazungumza kwa kiwango hicho hicho. Nimeona ikisiri ikidai makubwa kuliko makala, na watathmini hulishika hilo haraka.

Jingine dogo la kiufundi: ukifika kwenye mfumo wa kupakia, utakuta kisanduku cha ikisiri mbali na faili. Italiki na alama maalumu mara nyingi hupotea ukibandika hapo, isome tena baada ya kubandika. Na ikisiri ya kisandukuni iwe ile ile ya kwenye faili. Watu husahihisha moja na kuiacha nyingine, kisha mhariri hajui ni ipi achape.